Karakana Iliyofungwa: Tuinunue au Tuiache?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama. Wengi waliokuwa zamu siku ile waliomba ichapwe, nayo ndiyo hii.)



Katika mkutano uliopita mlituchagua sisi watu watano twende tukaitazame karakana ile ya beringi iliyofungwa, kisha turudi tuwaambie kama yafaa kununuliwa na wanachama wanaotaka kuweka fedha zao pamoja. Tumekwenda mara tatu. Tumezitazama mashine, tumesoma madaftari, tumezungumza na wenye mali na wale waliokuwa wafanya kazi wa pale. Leo twatoa habari zetu. Jina la karakana hatulitaji, kwa sababu mwenye nayo amefariki na mambo ya mirathi hayajakwisha. Tena haya tutakayosema yafaa kwa karakana yo yote ya namna hii.

Kwanza tukumbuke fedha zinazozungumzwa hapa ni za nani. Si fedha za tajiri. Ni akiba ya mwenzetu aliyebakiwa na miaka michache kabla ya kustaafu. Ni karo ya mtoto. Tajiri akipoteza, huuza gari moja kati ya matatu. Mfanya kazi akipoteza, nyumba aliyokusudia kujenga nyumbani haitajengwa tena. Wale tuliosoma shule za misheni twaujua mfano wa mtu aliyeanza mnara bila kupiga hesabu, akachekwa na wapita njia. Hatutaki kuchekwa, wala hatutaki mwenzetu ye yote alie.

KAZI YENYEWE

Wako vijana kati yetu ambao hawajapata kuiona kazi hii, basi tuieleze kidogo. Chuma kikizunguka juu ya chuma, vyote viwili hulika. Kwa hiyo pale ekseli au shafti inapokaa huwekwa beringi. Zamani beringi nyingi zilikuwa kikombe cha shaba au cha chuma, na ndani yake imemiminwa metali nyeupe iliyo laini. Metali hii ilivumbuliwa na Mmarekani mmoja, Isaac Babbitt, mwaka 1839. Namna iliyo bora ni bati sehemu kama 89 katika 100, na iliyobaki ni antimoni na shaba. Bati tunalosema hapa si mabati ya kuezekea nyumba. Ni madini yenyewe, meupe na laini. Iko pia namna ya bei ndogo, ambayo wingi wake ni risasi.

Uzuri wa metali nyeupe ni huu: mafuta yakikatika, au mchanga ukiingia, metali ndiyo huharibika kwanza, na mara nyingi shafti hupona. Shafti ni ghali, bali metali yaweza kumiminwa upya.

Kumimina upya ndiko kulikokuwa kazi ya karakana hii. Metali ya zamani huyeyushwa ikatolewa. Kikombe husafishwa hata kisiwe na mafuta, hupakwa bati jembamba ili metali mpya ishike, jiti la chuma husimamishwa katikati, kisha metali humiminwa kwa mara moja bila kusita. Ikipoa hukerezwa kwa lethi kwa kipimo chake, na mwisho fundi huikwangua kwa mkono, akitumia rangi ya buluu kuona mahali inapogusana na shafti. Fundi akisita katika kumimina, au kikombe kikiwa baridi, metali haishiki. Kwa macho itapendeza, lakini kazini itabanduka. Kwa hiyo kazi hii ni ya mkono na macho kuliko ya mashine. Likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

ILIKUFA KWA UGONJWA GANI?

Mtu akifa, watu huuliza aliugua nini. Karakana ikifa yafaa kuuliza vivyo hivyo, na majibu tuliyopata ni matatu.

La kwanza, dunia ilibadilika. Zamani reli ilikuwa mteja mkubwa wa metali nyeupe. Injini nyingi za mvuke zilikuwa na metali hiyo katika maboksi ya ekseli na mahali pengine pengi. Mwenye kutaka kuona ukubwa wa injini za mvuke na aende Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, aitazame namba 5918, Mount Gelai. Ni mojawapo ya injini 34 za darasa la 59 zilizojengwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Mabehewa ya mizigo nayo yalikwenda juu ya beringi za kumiminwa, na wazee wetu walijua harufu ya boksi la ekseli linalochemka kabla hawajaona moshi. Baadaye zikaja beringi za rola. Behewa la rola halihitaji mtu wa metali nyeupe. Katika magari, tangu miaka ya 1930, watengenezaji walianza kutumia beringi nyembamba zinazotoka kiwandani tayari. Zikilika hutupwa, hununuliwa nyingine dukani. Ugonjwa huu hauna dawa. Wateja wale hawatarudi, na mtu asitudanganye kwamba watarudi.

La pili, karakana ilimtegemea mtu mmoja. Tulipolisoma daftari la kazi la mwaka wake wa mwisho tuliona kwamba zaidi ya nusu ya kazi ilitoka kwa mteja mmoja mwenye mitambo mikubwa. Mteja huyo alipobadili mitambo yake, karakana ilianza kuchechemea. Ugonjwa huu dawa yake ni miguu: kutembea, kubisha hodi, kutafuta wateja kumi wadogo badala ya mmoja mkubwa. Lakini dawa hii haijajaribiwa.

La tatu, mwenyewe alikufa, na watoto wake wana kazi nyingine. Ugonjwa huu wa tatu waweza kutibika, maadamu yuko mtu aliye hai anayejua kazi.

Basi, ndugu, tunaloliona ni hili. Ng'ombe akiwa hai na anatoa maziwa, ana bei yake. Ng'ombe aliyekufa hakamwi. Huuzwa ngozi na pembe. Hawa wenye mali wanataka bei ya ng'ombe wa maziwa. Wanasema, "Baba alikuwa akipata kadha wa kadha kila mwezi." Hatuwakatalii. Lakini baba hayupo, na mteja mkubwa hayupo. Kilichopo ni ngozi na pembe, na hicho ndicho cha kutiwa bei.

NANI BADO ANA HAJA NA KAZI HII?

Hatutaki pia kuikufuru kazi kwa kusema imekwisha kabisa. Haijakwisha. Pampu kubwa, mashine za kusaga mawe na mitambo ya zamani ya viwandani yako mengi yanayozunguka juu ya metali nyeupe hata leo. Mitambo mikubwa ya stima inayosukumwa na maji kwa kawaida hukaa juu ya metali hiyo, na sisi Kenya tunayo mitambo ya maji katika Mto Tana: Kindaruma tangu 1968, Kamburu tangu 1974, Gitaru tangu 1978, Kiambere tangu 1988. Wako na watu wachache wenye magari ya kale. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 mpaka 1927, haina beringi za dukani, zake humiminwa.

Lakini tusiruke kwa furaha. Mitambo mikubwa ya stima haipeleki beringi yake kwa mtu aliyefungua mlango jana. Kazi ile hutolewa kwa tenda, na mwenye mtambo hutaka hati ya kipimo, pamoja na kupima kwa mawimbi ya sauti kuona kama metali imeshika kikombe mahali pote. Kifaa hicho hakimo katika karakana hii. Na wenye magari ya kale ni watu wazuri, hulipa vizuri, lakini ni wachache, na gari la maonyesho halitembei sana hata beringi yake ilike kila mwaka. Wateja wetu wa kweli wangekuwa wenye pampu, wenye mawe na viwanda vidogo. Hao ndio wa kuhesabiwa.

TULIYOYAKUTA NDANI

Vitu vya karakana tulivigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyofaa mahali po pote: lethi mbili, mashine ya kutoboa, vipimo, mota. Hivi vina bei sokoni hata kama metali nyeupe ingesahauliwa. Lakini lethi haipimwi kwa rangi yake. Hulika zaidi pale karibu na kichwa, ambako kazi nyingi hufanyika. Njia ya kujua ni kukereza kipande kirefu cha chuma, kisha kukipima kwa maikromita mwanzo, katikati na mwisho. Tofauti itasema kweli. Sisi hatukuweza kufanya hivyo kwa sababu stima imekatwa, na kuna deni katika mita. Mashine ambayo haijazungushwa mbele yetu tutaihesabu kuwa ni mbovu mpaka izunguke. Huko si kumdharau mwenye mali, ila hatutaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Fungu la pili ni vitu vinavyofaa kazi hii tu: majiti ya kumiminia ya kila kipimo, kalibu, vyungu vya kuyeyushia na vikwanguo vya mkono. Kwa mwuza vyuma hivi ni skrepu, huvinunua kwa kilo. Kwa mtu anayejua kazi, majiti yale ni miaka mingi ya kukereza. Hapa ndipo penye mali ya karakana hii. Pamoja navyo twahesabu daftari la vipimo, ambalo marehemu aliandika kila mashine aliyopata kuihudumia, kipenyo chake na nafasi ya mafuta aliyoiacha. Wazee husema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lile lina thamani kuliko lethi moja, na wenye mali walikuwa wameliweka chini ya sanduku la misumari.

Fungu la tatu ni metali yenyewe. Kuna rundo la mikate ya metali nyeupe, na tuliambiwa yote ni ya bati. Ndugu, mkate wa bati na mkate wa risasi waweza kufanana kwa macho, lakini bei zake hazikaribiani. Bati ni ghali mara nyingi zaidi. Tena kuna hatari. Bati huyeyuka kwenye digrii 232 za sentigredi, na risasi kwenye digrii 327. Lakini vikichanganyika, sehemu ya mchanganyiko huanza kuyeyuka kwenye digrii 183, chini kuliko vyote viwili. Kwa hiyo risasi kidogo ikiingia katika metali nzuri ya bati huitia udhaifu, na beringi itakufa mapema kwa joto. Mikate isiyo na alama ya kiwanda, wala haijapimwa, tumeihesabu yote kuwa ni ya risasi. Wenye mali wakitaka bei ya bati, na waipeleke ipimwe.

Nyuma ya karakana tuliona vikombe vya shaba vya zamani. Juu ya rundo hilo tulikubaliana sote bila kubishana: kikombe cho chote chenye alama ya reli, iwe ya reli ya sasa au ya East African Railways iliyovunjika mwaka 1977, hatutakigusa mpaka tuonyeshwe karatasi ya jinsi kilivyotoka relini. Sisi ni watu wa reli. Mtu akiona shaba yenye alama ya reli mikononi mwetu hatauliza mara mbili. Mnakumbuka ya kwamba Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya watu waliobomoa nguzo za stima na mali ya umma, na marufuku hayo hayakuondolewa mpaka Mei mwaka ule. Tena iko Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na mwenye kufanya biashara hiyo hutakiwa awe na leseni. Hatununui kesi.

KARATASI

Mwenye karakana amefariki. Kwa sheria ya mirathi ya Kenya hakuna mtu anayeruhusiwa kuuza mali ya marehemu, wala kuikodisha, kabla ya kupewa mamlaka na mahakama, hata akiwa ni mtoto wake wa kwanza. Tuliomba kuiona hati hiyo. Tuliambiwa iko njiani. Basi na fedha zetu ziwe njiani vile vile.

Jambo jingine ni rehani. Tangu Sheria ya 2017 ya dhamana juu ya mali inayohamishika, mashine zaweza kuwekwa rehani zikabaki pale pale karakanani, na mtu anayepita haoni cho chote. Lakini rehani hiyo huandikwa katika rejista ya serikali, na rejista hutafutwa. Utafutaji huo ufanywe kabla ya kulipa hata shilingi moja, kwa maana mkopeshaji aweza kuja kuzichukua mashine mikononi mwetu.

Tena kununua vitu si sawa na kununua biashara. Ukinunua kampuni yenyewe, unaichukua pamoja na madeni yake: kodi ya serikali, pango, makato ya wafanya kazi yasiyopelekwa. Na hata usiponunua kampuni, Kenya ina sheria ya uhamisho wa biashara inayotaka tangazo litolewe katika Gazeti la Serikali. Pasipo tangazo, mnunuzi aweza kudaiwa madeni ya mwuzaji. Kwa hiyo shauri letu ni kununua vitu vilivyoandikwa kimoja kimoja katika orodha, tuliache jina la karakana, na kazi ya karatasi ifanywe na wakili anayelipwa na sisi. Wakili wa mwuzaji ni wakili wa mwuzaji.

WENZETU WALIOACHWA

Sasa twafika mahali penye uzito. Karakana hii ilipofungwa, watu watatu walikuwa hawajalipwa mishahara ya miezi ya mwisho. Tumewaona. Mmoja ana barua iliyotiwa sahihi na marehemu. Wawili wana neno lao tu, lakini daftari la mishahara lawaunga mkono.

Wako watakaosema: hayo ni mambo ya wenye mali na wafanya kazi wao, sisi ni wanunuzi tu. Twawajibu hivi. Chama chetu kimesimama kwa sababu ya jambo hili hili. Sisi tukinunua mashine kwa bei nafuu huku jasho la watu watatu halijalipwa, unafuu ule umetoka mfukoni mwao. Kesho tajiri akinunua mahali petu pa kazi kwa njia hiyo, tutakuwa na uso gani wa kumlaumu? Kwa hiyo twataka iandikwe katika mapatano kwamba malipo ya watu hawa watatu yatolewe kwanza katika fedha za bei, mbele ya wakili, kabla ya warithi kugawana. Wenye mali wakikataa, tusinunue.

Mmoja wa watatu hao ndiye mzee aliyekuwa akimimina metali. Tulimwomba atuonyeshe jinsi anavyopima joto la kikombe kabla ya kumimina. Alichukua kijiti kikavu cha mvule, akatuonyesha, akasema, "Kitawaambia." Ndugu, tunaweza kununua vyungu vyote, lakini pasipo mzee huyu ni vyungu vya kupikia maji. Tulimwuliza kama yuko tayari kufanya kazi tena na kuwafundisha vijana wawili. Alijibu kwamba yuko tayari, lakini kwa miaka miwili tu, na kwanza alipwe anachodai. Hatukuona kosa katika jibu hilo.

Na kwa afya yake na ya vijana hao: moshi na vumbi la risasi ni sumu. Huingia katika damu, huharibu neva na figo. Chumba cha kuyeyushia pale kina dirisha moja dogo. Lazima pawe na feni ya kutoa moshi, mahali pa kunawa, na pasiliwe chakula mle ndani. Mahali pa kazi pasajiliwe kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Gharama hizo zimo katika hesabu yetu. Chama cha wafanya kazi hakiwezi kuanzisha karakana inayougua kuliko zile kinazozilalamikia.

HESABU

Tuliandika hesabu mbili za mfano, ili kila mtu aone kwa macho yake.

Hesabu ya kwanza ni kuichukua karakana nzima. Tuseme pango ni Sh. 45,000 kwa mwezi. Stima na gesi Sh. 20,000; mishahara ya fundi, wasaidizi wawili na karani Sh. 135,000, bima, leseni, usafiri na matengenezo Sh. 20,000. Jumla ni Sh. 220,000. Tuseme wanachama wametoa Sh. 1,800,000, nasi twataka kuzirudisha kwa miezi 36. Hiyo ni Sh. 50,000 nyingine kila mwezi. Sasa ni Sh. 270,000. Kazi moja ikituachia Sh. 9,000 baada ya kutoa bei ya metali, twahitaji kazi 30 kila mwezi ili tusipate hasara wala faida. Katika daftari la mwaka wa mwisho hatukuona hata mwezi mmoja uliofika 30.

Hesabu ya pili ni kununua fungu la pili, lethi moja iliyojaribiwa, na daftari la vipimo, kisha kukodi kona katika karakana ya mtu mwingine. Tuseme kona Sh. 15,000, stima na gesi Sh. 12,000, ujira wa mzee na malipo ya vijana wawili wanaojifunza Sh. 75,000, mengineyo Sh. 15,000. Jumla Sh. 117,000. Wanachama wakitoa Sh. 648,000, marudisho kwa miezi 36 ni Sh. 18,000. Yote ni Sh. 135,000, yaani kazi 15 kwa mwezi. Miezi ya kazi 15 tuliiona katika daftari. Lakini tukiziondoa kazi za mteja yule mkubwa, miezi hiyo ni michache.

Kwa hiyo hata hesabu ndogo haijasimama kwa miguu yake. Inasimama kama wateja wapya watapatikana, nao hawapatikani kwa kuomba Mungu tu.

SHAURI LETU

Sisi watano hatukukubaliana katika kila jambo. Mmoja wetu anaona tufanye haraka, kwa sababu wanunuzi wa skrepu wamekwisha kuja na mizani, na majiti yale yakikatwa hayarudi, na ufundi huu utakufa mahali hapa. Maneno yake ni ya kweli, nayo yatuuma. Lakini wanne tunaona kwamba kusikitikia ufundi si sababu ya kuhatarisha akiba ya watu. Shauri tunalolileta kwenu ni hili:

1. Karakana nzima isinunuliwe, wala jina lake.

2. Asitoe mtu fedha yo yote, hata ya kushika mahali, kabla ya hati ya mahakama na utafutaji wa rehani.

3. Wakati tunangoja, vijana wawili wapite kwa wenye pampu, wenye mashine za mawe na viwanda, wakiwa na orodha iliyotoka katika daftari la vipimo, waulize nani ana beringi ya kumiminwa na lini itahitaji kazi. Tupate majibu ya maandishi, si ya mdomo.

4. Hati ikipatikana, tuwaombe wenye mali watukodishe vyombo kwa miezi sita, na kodi hiyo ihesabiwe katika bei tukinunua. Miezi sita itatuonyesha kama kazi 15 zinapatikana.

5. Bei iwe ya ngozi na pembe, na wale watatu walipwe kwanza.

6. Fedha ziwe za wanachama waliotaka wenyewe, kwa hisa, katika ushirika wa mbali. Ada za chama na akiba ya wengine zisiguswe. Na mtu asitie fedha ambazo akizipoteza mtoto wake ataacha shule.

Wenye mali wakiyakubali haya, twaweza kuendelea. Wakikataa hata moja la namba 2 au namba 5, tuwape mkono, tuwashukuru, tuondoke. Kuondoka hakutatugharimu ila nauli ya safari tatu.

Orodha ya vitu na hesabu zote ziko kwa Karani. Kila mwanachama ana haki ya kuzisoma, na aliye na fundi anayemjua ampeleke azikague. Kura itapigwa katika mkutano ujao, si leo, ili walio zamu usiku nao wapate nafasi. Someni kwanza, mkaulize, ndipo mpige kura.